Hakika ya Ajenti

Juzi binti yangu aliinua kichwa kwenye zoezi lake la Kiingereza. "Baba, 'certain' ni hakika ama ni fulani?" Nikamwambia ni yote mawili, kisha nikanyamaza. Kimawazo nilikuwa nimeshafika Kibokoni, Mombasa, barazani kwa mzee mmoja niliyekuwa nikimsomea barua zake.

Alikuwa anahama, na ajenti wa nyumba alikuwa na dipoziti yake ya shilingi 12,000. Barua ya ajenti ilikuwa ya mistari minne, kwa Kiingereza. Ilikuwa baada ya alasiri, muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe. Nikafika kwenye "a certain amount will be refunded", nikafasiri bila kusita: "Kiasi cha hakika kitarudishwa."

Mzee akavua miwani. "Hakika ngapi?"

"Hawakuandika."

"Sasa hiyo ni hakika gani isiyo na hesabu, mwanangu?" Akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni mwa kanzu, akaupigapiga mfuko kwa kiganja.

Swali lake lilikuwa na akili kuliko tafsiri yangu. Neno "certain" likitangulia nomino, tena lina "a" mbele yake, mara nyingi ni fulani: msemaji huenda anakijua kitu, ila hakitaji. Likifuata kitenzi cha kuwa, kama "I am certain", hapo ndipo penye yakini. Lakini nafasi pekee haitoshi, kwani "certain death" imetangulia nomino na bado ni kifo kisichoepukika. Mimi hulijaribu kwa sikio. "Kifo fulani" hapo hakikai, basi ni hakika. "Kiasi fulani" kinakaa vizuri mno, na ndicho alichokitaka ajenti.

Mtego mwingine uko kwenye kiungo kinachofuata. "He is certain of winning": mwenye yakini ni huyo mchezaji. "He is certain to win": yakini ni ya anayesema, na mchezaji mwenyewe pengine ameshakata tamaa.

Mzee alikwenda ofisini kesho yake kudai hakika yake. Alirudi na 4,500. Nyingine zilikwenda kwenye rangi na kitasa. Nilimweleza kosa langu, naye hakunilaumu, jambo lililoniuma zaidi. Aliendelea kuniletea barua zake. Ila kila nikifika kwenye neno la kuahidi alininyooshea kidole nisimame kwanza:

"Hii ni hakika, ama ni hakika ya ajenti?"