Mada ya Shangazi

Jumamosi iliyopita nilikihamishia chumba cha ukoo kwenye toleo la 12 la vyumba vya Matrix, mfumo wa kuchati ambamo kila mtu anaweza kuwa na seva yake, na seva zikazungumza zenyewe kwa zenyewe. Mnaofuatilia habari za seva yangu mnajua kwamba nilikuwa naliahirisha jambo hili tangu mwaka jana. Kazi yenyewe ni fupi: chumba cha zamani kinafungwa, juu yake linabaki tangazo kwamba mazungumzo yamehamia kwingine, na watu wanavuka mmoja mmoja. Nikiwa nawasubiri wavuke, nikaanza kupanda mazungumzo ya zamani, juu, juu zaidi, mpaka Mei 2024. Hapo nikakuta mstari mdogo wa kijivu: Shangazi amebadili mada, yaani yale maneno yanayokaa juu kabisa ya chumba. Chini yake, kwa herufi zake kubwa tupu: NAMBA IMEBADILIKA, TAZAMENI JUU.

Nikatazama juu. Hata leo, miaka imepita, nilitazama juu.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Mei. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimetupitia wiki moja nyuma, bado tunazungumza habari za mapaa na mitumbwi, mara mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ikakatika huko upande wa Afrika Kusini. Intaneti ya nusu ya Afrika Mashariki ikazimika au ikawa inakuja kwa matone. Seva yangu imewekwa hapahapa Dar, kwa hiyo sisi wa mjini tuliendelea kuongea wenyewe kwa wenyewe. Arifa tu hazikuja, maana hizo hupitia nje ya nchi. Ukifungua programu unakuta ujumbe wote upo. Ila seva ya Mjomba, ambayo nayo hubeba nakala ya chumba hichohicho, iko Hamburg, na kwa siku mbili seva yangu iliiita bila kuitikiwa.

Tulikuwa kwenye kamati ya harusi ya mdogo wangu. Siku moja kabla, mhazini wetu, shemeji yangu, alikwapuliwa simu Kariakoo. Namba ya kutumia michango ilikuwa yake, na namba ile ndiyo iliyoandikwa kwenye mada ya chumba, pale juu kabisa, ili mtu yeyote anayeuliza "natuma wapi?" ajibiwe tu: tazama juu. Shemeji alikuwa ameshaifunga laini. Kikao kikakaa saa kumi barazani kwa Shangazi, Magomeni, kikaamua michango ipokewe na Shangazi mwenyewe mpaka harusi iishe.

Ningeweza kuibadilisha ile mada mwenyewe, sekunde kumi. Nilikuwa na mamlaka ya 100, ambayo katika Matrix ndiyo ya msimamizi. Mwanachama wa kawaida ana 0, na kubadili mada kunataka 50. Lakini Shangazi alikuwa amekaa pale na daftari lake la mistari ya mraba, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye kilemba, na nikaona si sawa namba yake iandikwe na mkono wangu. Yeye ndiye aliyebeba harusi zote za ukoo huu, pamoja na yangu. Nikampandisha kutoka 0 hadi 50, nikamkabidhi simu yake, nikamwambia, "Shangazi, andika mwenyewe." Akaandika kwa kidole kimoja, akaisoma namba kwa sauti mara mbili, akabonyeza. Mada ikabadilika. Akatabasamu, akaweka tiki nyekundu kwenye daftari.

Usiku ule, kama saa mbili yetu, Mjomba kule Hamburg naye alifanya jambo lake. Alimpandisha binti yake hadi 50 ili awe anawaingiza wageni wa Ulaya chumbani. Jambo jema kabisa. Seva yake haikuwa imesikia lolote la kwetu tangu asubuhi, kwa hiyo orodha ya mamlaka aliyoiandika ilikuwa na jina la binti yake, na jina la Shangazi halikuwemo.

Jumanne jioni nilirudi Magomeni kuchukua daftari ninakili majina. Umeme ulikuwapo, taa ya barazani imevutia kumbikumbi wa masika, na Shangazi alikuwa ananimiminia chai ya tangawizi. Simu yake ilikuwa mezani baina yetu, chumba kikiwa wazi, kwa sababu alikuwa ananisomea nani ameahidi na nani ametoa. Kioo chake kina ufa unaokatiza kona ya juu, na mada ilikuwa chini ya ule ufa. Naiona mpaka sasa: namba yake, na mbele yake maneno "Mchango wa harusi, mpokeaji Shangazi."

Kisha ikageuka.

Hakuna aliyegusa simu. Hapakuwa na mlio wala mstari wa kijivu wa kusema fulani amebadili. Maneno yalikuwa yale, kisha yakawa mengine: namba ya shemeji, ile ya zamani, kama Jumapili haikuwahi kuwapo. Ujumbe wa Hamburg ulianza kumiminika chini, salamu za siku mbili, pole za mkongo, picha za vitambaa. Shangazi aliiweka birika chini taratibu. Akaisogeza simu kwenye mwanga, akafuta kioo kwa upindo wa khanga, akasoma tena. Aliniangalia mimi, si simu.

"Nani kanifuta?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza, na jibu lenyewe lilikuwa gumu kutamka mbele yake. Nikaomba ukurasa wa mwisho wa daftari. Nikachora nukta moja, ndiyo chumba kilivyokuwa kabla mkongo haujakatika. Kutoka hapo matawi mawili: letu na la Hamburg. Kila tawi halikujua mwenzake yupo. Mkongo ukirudi, seva zote mbili zinaona kwamba chumba kina hali mbili, na lazima ziafikiane bila hakimu wa kati, kwa sababu hakuna seva iliyo mkubwa wa mwenzake. Ndiyo maana niliipenda Matrix tangu mwanzo, nikawaleta wote humu. Zinafuata kanuni moja, kila moja kwake, ili zifike pamoja. Yale ambayo pande zote zinakubaliana hayaguswi. Yanayogongana yanatengwa, na ya mamlaka yanaamuliwa kwanza. Baina ya mawili ya mamlaka ambayo hayakufuatana, linatangulia la mwenye cheo kikubwa. Wakilingana, linatangulia lililoandikwa mapema kwa saa. Saa nazo zikilingana, inatazamwa alfabeti ya vitambulisho. Kisha yanapitishwa moja baada ya jingine, kila moja likiulizwa: mwandishi anaruhusiwa? Likiruhusiwa linakaa, na linalofuata, nalo likiruhusiwa, linakaa juu yake.

Mimi 100, Mjomba 100. Langu la saa kumi likatangulia, lake la saa mbili usiku likafuata. Lake likaruhusiwa, likakaa juu ya langu zima zima, maana orodha ya mamlaka haichanganywi jina kwa jina. Ni karatasi moja inayobadilishwa na nyingine. Ndipo ikaja zamu ya mada. Kanuni ikauliza: Shangazi anaruhusiwa kuandika mada? Ikatazama karatasi ya Mjomba. Hayumo. Ikaikataa mada yake, ikarudi ile ya zamani, niliyoiandika mimi mwezi wa pili.

Nilimweleza polepole, kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa mwalimu wa hesabu miaka thelathini. Hakukosa hata hatua moja. Akanyamaza, akaweka kidole kwenye tawi letu, pale nilipoandika jina lake.

"Kwa hiyo nilipokuwa naandika, ruhusa nilikuwa nayo. Sasa inasemekana sikuwahi kuwa nayo?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na Mjomba wako hajui."

"Hajui."

Kuna jambo sikumwambia jioni ile, nililigundua nyumbani usiku, nikipitia matukio ya chumba moja moja. Kama ningeiandika mada mimi, kwa 100 yangu, ingesimama. Jina langu lilikuwemo kwenye karatasi zote mbili, na mada mpya ingeishinda ya zamani kwa saa yake. Kilichoiangusha ni kule kumpa yeye heshima ya kuiandika.

Na kuna jingine. Tukio la Shangazi lilipofika Hamburg, Mjomba alikuwa ameshaandika lake. Seva ya kule ikaona kwamba kwa hali ilivyo sasa mwandishi hana mamlaka, ikalipokea kimya na kulihifadhi bila kumwonyesha mtu. Lakini ujumbe wake wa kawaida hauhitaji mamlaka, ukapita. Kwa hiyo Mama Mdogo wa Muscat, ambaye akaunti yake iko kwa Mjomba, alisoma NAMBA IMEBADILIKA, TAZAMENI JUU, akatii, akatazama juu, akaikuta namba iliyofungwa, akatuma. Pesa ilining'inia siku tisa kabla haijamrudia. Siku zote hizo tisa alimpigia Shangazi simu kila jioni, na Shangazi akajibu kila jioni kwa upole uleule.

Niliandika orodha mpya ya mamlaka usiku uleule: Shangazi 50, binti wa Mjomba 50. Mjomba alipiga simu asubuhi, akasikitika mno, akataka amwombe radhi, na mimi nikawa namwambia hakufanya kosa lolote. Harusi ilifana. Hayo yote yalikwisha.

Shangazi tu ndiye hakuandika tena. Nilipomwambia mamlaka yake yamerudi, aandike namba, alinirudishia simu. "Andika wewe, mwanangu. Lako halifutiki."

Nimewaza sana kama kanuni ilikosea. Nimeisoma upya mara nyingi. Toleo hili la 12, lililotoka Agosti 2025, lilikuja kutibu maradhi ya kweli: vyumba vilivyokuwa vikirejea hali za kale kwa hitilafu, hata msimamizi kujikuta si msimamizi. Limebadilisha mahali kanuni inapoanzia kuhesabu, na limempa muumba wa chumba mamlaka ambayo hakuna karatasi inayoweza kuyaondoa. Nimefurahi limekuja. Lakini kisa chetu hakikuwa ugonjwa ule. Siku ile kila kitu kilifanya kazi kama kilivyoandikwa, Dar na Hamburg zikafikia jibu moja bila kuulizana, na mimi, niliyeisifia kanuni hiyo mbele ya ukoo mzima, sikuwa na kifungu hata kimoja cha kulaumu. Ingepaswa kuchagua nini, ikiwa na matawi mawili ya watu wema na saa mbili za ukutani? Sijui. Najua tu ilichouliza na ambacho haikuuliza, na haikuuliza kwa nini nilimpa yeye simu.

Toleo hili linaruhusu chumba kiwe na waumba zaidi ya mmoja, mradi uwataje siku kinapozaliwa. Baadaye huwezi kuwaongeza. Jumamosi, kabla sijabonyeza, nilimwandika Shangazi. Mada ya zamani ilihama yenyewe pamoja na chumba. Niliifuta, nikampigia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwambia kuna chumba kipya, na humo lake halifutwi na yeyote, si Mjomba, si mimi. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia kwa mamlaka, ndiyo, nina hakika. Akasema sawa, akauliza watoto wameamkaje.

Ameshavuka, jina lake naliona. Leo Alhamisi mada bado iko tupu, nami sijaigusa.