Nilivyopunguza hofu iliyobaki baada ya kuonewa shuleni

Uonevu wa shuleni huacha tabia za kujihami. Unakaa nyuma kikaoni, unakata maneno mtu akicheka, unazunguka nyuma ya nyumba za watu usipite mbele ya vijana wa kijiweni. Uingereza waliwafuatilia watu waliozaliwa mwaka 1958: walioonewa wakiwa na miaka 7 na 11 walisumbuliwa zaidi na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) na wasiwasi hata walipofika miaka 50. Anayekwambia "utoto huo, sahau" hajui asemalo.

Niliorodhesha ninavyovikwepa, kila kimoja na alama ya hofu, 0 hadi 100. Kuzungumza na wauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, 30. Kuvutana bei soko la Mwanga huku watu wanasikiliza, 45. Kuuliza swali kwenye mkutano wa mtaa, 80. Anza na 30. Ukirukia 80 utakimbia, na kila ukikimbia mwili unaamini kweli palikuwa na hatari.

Ukishafika, baki mpaka alama ishuke nusu. Moyo utaenda mbio, viganja vitalowa, viache. Wengi hukwama hapa: sokoni wanaenda, ila simu iko sikioni na hakuna anayeongea upande wa pili, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Mwisho wa siku wanaona simu ndiyo iliyowaokoa. Rudia hatua hiyohiyo mara kadhaa ndani ya wiki, maana ukiachia nafasi ndefu hofu inajirudia.

Kabla ya kutoka andika unachotabiri: "Nikiuliza, watanicheka." Ukirudi, andika nani alicheka na alicheka nini. Mara nyingi aliyecheka alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu yake.

Hayo ni ya hofu. Kama kwa wiki 2 mfululizo huna hamu ya chochote, unaamka usiku wa manane usilale tena, na chakula hakipiti, nenda hospitali. Kigoma kuna Maweni. Ukiwaza kujiua, nenda siku hiyohiyo, na mtu akusindikize. Mapokezi taja afya ya akili waziwazi, kwa sababu ukisema kichwa kinauma utapimwa malaria. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na haziachwi ghafla hata ukijisikia mzima.