Siku Yangu Moja Nakuru, Nikipima Kreta za Zebaki

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliamka na kukuta picha nilizoziacha zikipakuliwa usiku, mtandao unapokuwa mwepesi, zimeshaingia zote. Zilipigwa na kamera za MESSENGER, chombo cha Marekani kilichoizunguka sayari ya Zebaki kuanzia Machi 2011 hadi kilipoiangukia tarehe 30 Aprili 2015, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua bila malipo. Mimi hupima kreta, yaani mashimo ya duara yaliyochimbwa na vimondo.

Saa mbili, nikiwa na chai mezani, nilianza na swali ambalo hutangulia vipimo vyote: Jua lilikuwa wapi picha ilipopigwa? Likiwa utosini hakuna kivuli, na kreta pana inaweza kufifia ikabaki doa. Picha za aina hiyo zinafaa kuchunguzia rangi za miamba, si maumbo. Likiwa chini, kila ukingo unajitokeza. Ndiyo sababu wataalamu wa MESSENGER walitengeneza ramani mbili za Jua la chini, moja mwanga ukitoka mashariki na nyingine ukitoka magharibi, ili ukuta uliofichwa na kivuli katika ile ya kwanza uonekane katika ya pili. Mimi huigeuza picha hadi mwanga utokee juu ya skrini, maana ukitokea chini, macho hudanganyika na shimo likaonekana kilima.

Kuanzia saa tatu nilipima. Katika ramani kuu ya sayari hiyo, pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni takriban mita 166. Kivuli cha ukingo wa kreta moja kilichukua pikseli 24, yaani karibu kilomita 4, na Jua lilikuwa nyuzi 20 juu ya upeo wa macho. Ukizidisha urefu huo kwa tanjenti ya nyuzi 20 unapata kina cha mita 1,450 hivi, kutoka ukingoni hadi pale ncha ya kivuli ilipoishia. Hesabu ni ya kidato cha pili; ugumu uko katika kuamua kivuli kinaishia pikseli ipi, kwa kuwa ncha yake haikatiki kama wembe.

Saa sita niliwapeleka wanafunzi ukingoni mwa Menengai, volkeno iliyo hapa Nakuru. Mmoja aliutazama mvuke wa visima vya jotoardhi kule chini, akauliza, "Mwalimu, kwani hapa hapakupigwa na kimondo?" Nikamjibu kwamba hapana: magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilitoka chini ya volkeno, paa likakosa cha kuliegemeza, likaporomoka na kuacha bonde la takriban kilomita 12 kwa 8. Kimondo huacha alama nyingine: ukingo ulioinuliwa, vifusi vilivyorushwa pande zote, misururu ya vishimo vilivyochimbwa na vifusi hivyo, na katika kreta kubwa, kilele katikati. Vishimo hivyo vya pili ndivyo vinavyonisumbua zaidi, kwani ukivihesabu pamoja na kreta halisi, uwanda wenye umri mdogo utaonekana mzee, maana umri hukadiriwa kwa wingi wa kreta.

Saa tisa nilirudi kwenye picha za Mariner 10, chombo kilichoitangulia MESSENGER, ili kulinganisha. Chombo hicho kiliipita Zebaki mara tatu, mwaka 1974 na 1975, lakini kila mara baada ya siku 176, ambazo ndizo urefu wa siku moja ya Zebaki kutoka macheo hadi macheo, kwa hiyo kilikuta upande uleule ukiwa na mwanga. Kilipiga picha za chini ya nusu ya sayari, na bonde la Caloris, lenye upana wa takriban kilomita 1,550, likaonekana upande mmoja tu. Kamera haikuwa na kosa. Lililokosekana ni Jua.

Jioni niliifungua Prokofiev, kreta iliyo karibu na ncha ya kaskazini, ambayo sehemu ya sakafu yake haifikiwi na Jua kamwe, kwa kuwa mhimili wa Zebaki ni kama haujainama hata kidogo. Hata hivyo kamera ya MESSENGER iliweza kuona ndani ya giza hilo kwa mwanga hafifu uliotawanywa na kuta, na picha zilizochapishwa mwaka 2014 zikaonyesha eneo la barafu ya maji. Kipimo cha kivuli hakina kazi hapo.

Saa mbili usiku nilimtumia mwenzangu jedwali. Kreta mbili nimeziwekea alama ya kuuliza, kwa sababu ziko mkiani mwa msururu wa vishimo na sijaridhika kwamba ni halisi. Ramani ya mwanga wa magharibi ya eneo hilo inapakuliwa sasa.