Leo nimefua unga

Jina lake silitaji tena mbele ya mama. Nilipomwambia kitu hiki, kinachotengenezwa kwa gluteni, ile protini ya ngano inayonata, huitwa seitan, yeye alisikia shetani. Audhubillahi zikamtoka tatu mfululizo. Ikabidi nimweleze kuwa ni jina tu, lilianzia kwa George Ohsawa, Mjapani, na kwamba Wachina wanakula kitu hichohicho tangu kale, hasa watawa wa Kibudha wasiogusa nyama. Tukapatana tuite nyama ya unga.

Sababu ni yeye mwenyewe. Daktari kamwambia apunguze nyama nyekundu, samaki kamchoka, na maharagwe ndiyo hataki hata kuyasikia. Nikazunguka maduka ya hapa Lamu, mtaa wa Mkomani mpaka Langoni, nikiulizia gluteni kavu ya pakiti. Muuzaji mmoja akanitolea hamira. Basi nikarudi na kilo 2 za unga mweupe wa ngano. (Wiki iliyopita nilijaribu atta. Pumba zilikatakata donge lote, likaniishia mikononi.)

Unakanda donge gumu, unalilaza ndani ya maji saa nzima, kisha unalifinya na kulikamua kwenye beseni kama mtu anayefua. Maji yanakuwa meupe kama tui. Unabadilisha, unafinya tena. Kuna mahali utakata tamaa, maana donge linachanika vipandevipande, halafu lenyewe linashikana: kitu cha kijivu, kinavutika kama mpira. Kilo 2 zimenipa kama nusu kilo tu.

"Mai yote haya?" mama akauliza mlangoni. Ana haki. Maji yetu yanatoka visima vya mchangani Shela, na siku nyingine mfereji unakohoa tu. Yale ya mwanzo akakataa yasimwagwe, akayafunika kwenye sufuria.

Nikakata vipande, nikatia tangawizi, thomu, bizari nyembamba na ndimu. Halafu, mkono umezoea mishkaki, nusu yake nikaipaka papai bichi. Papai hulainisha nyama kwa kuvunja protini, na hiki, ukiondoa maji, karibu chote ni protini, hakina mshipa wala mfupa wa kukizuia. Baada ya saa 2 nikafunua bakuli nikakuta rojo. Nikawapelekea paka wa kichochoroni. Wakanusa, wakaenda zao.

Nusu iliyosalimika niliichemsha kwenye supu ya vitunguu, moto mdogo, maana ikitokota sana huvimba ikawa sifongo. Nikaitunga vijitini, nikaichoma kwa makaa, nikaimwagia ukwaju.

Mama akatafuna kipande kimoja, taratibu, anatazama uani.

"Ukwaju umekaa," akasema.

Kisha akainuka akafunua sufuria yake. Wanga umetuama chini, mweupe, mzito. Akamimina maji ya juu polepole, akaugusa kwa kidole.

"Huu wa haluwa huu. Samli imebaki kiasi gani?"