Fremu ya Msambamba: Kumbukumbu ya Mradi Wangu

Fremu yangu ya msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo pande zake za mkabala ni sambamba, imekamilika. Ina vipande vinne vya mbao nilivyokatiwa na fundi wa soko la Gikomba, Nairobi: viwili vya sentimita 40 na viwili vya sentimita 30, vikipimwa kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, kwa maana tundu ndilo linaloamua umbo, wala si ncha ya ubao. Bolti za kona sikuzikaza sana ili pembe zibadilike. Kutoka kila kona hadi kona ya mkabala nimevuta lastiki, moja nyekundu na moja nyeusi.

Fremu ikiwa mstatili, kila lastiki ina urefu wa sentimita 50 na eneo ni sentimita mraba 1,200. Nikiiinamisha hadi pembe kali iwe nyuzi 60, mzingo unabaki sentimita 140, lakini eneo linashuka hadi takriban 1,039, kwa sababu kitako ni kile kile ila kimo kimepungua. Lastiki nyekundu inarefuka hadi karibu 60.8 na nyeusi inafupika hadi karibu 36.1, na bado kila moja inaikata nyenzake katikati kabisa. Ukizidisha kila urefu kwa wenyewe kisha ukajumlisha, unapata 5,000 katika hali zote mbili. Hilo limenifurahisha kuliko yote.

Jambo zito zaidi hutokea fremu inapolala kabisa, vipande vyote vikiwa kwenye mstari mmoja. Kutoka hapo inaweza kuinuka tena ikiwa msambamba, au vipande virefu vikapishana kama mkasi: pande za mkabala zingali sawa kwa urefu, lakini si sambamba tena. Kwa hiyo usawa wa pande peke yake hautoshi. Ni lazima pia zisikatane.

Wahandisi wa garimoshi za mvuke walilijua tatizo hili. Katika Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, tazama garimoshi namba 5918, Mount Gelai: vyuma vinavyounganisha magurudumu huunda misambamba, na vya upande wa kushoto vimetofautiana na vya kulia kwa nyuzi 90, hivyo upande mmoja unapolala, mwingine uko wazi na huyalazimisha magurudumu yote kuzunguka pamoja.

Kinachofuata ni kufunga ubao wa tano mahali pa lastiki nyekundu, kama mafundi wa mageti wanavyofanya, kwani ubao huo mmoja huigawa fremu kuwa pembetatu mbili zisizoweza kubadilika.