Tamasha la jamii za asili: "bure" imhusu mgeni peke yake

Neno "bure" kwenye bango linamhusu anayepita getini. Nyuma yake kuna mafuta ya jenereta, vyoo, bima, nauli za wazee na chakula cha wachezaji ngoma. Asipopatikana wa kuyalipia hayo, atakayelipa ni msanii: atatoka nyumbani alfajiri, atacheza juani, kisha atapewa chupa ya maji na cheti. Ndiyo maana mistari mitatu ya kwanza ya bajeti huwa hii: malipo ya wasanii na wazee, usafiri wa kuja na kurudi, na mahali pa kulala. Mfuko ukipungua, punguza ukubwa wa jukwaa. Hiyo mistari mitatu usiiguse.

Kazi yenyewe huanza miezi 8 au 9 kabla, na haianzi na jukwaa. Tamko la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007, linasema katika kifungu cha 31 kwamba jamii hizo zina haki ya kutunza, kudhibiti, kulinda na kuendeleza urithi wao wa utamaduni na maarifa yao ya jadi. Kwa mwandaaji, zito hapo ni "kudhibiti". Nenda kwao, kaa chini, uliza nani mwenye kauli juu ya ngoma au wimbo unaoutaka. Mara nyingi si yule kijana anayepokea simu. Halafu, kabla ya "mtatuonesha nini?", uliza "kipi kisioneshwe?" Kuna nyimbo zinazoimbwa msimu mmoja tu, kuna mavazi ya ibada, kuna ngoma za kuwaingiza vijana utu uzimani ambazo mgeni hazimhusu. Ukiuliza kinyume chake, watu watakubali kwa adabu, na lawama itazuka siku ya tamasha, mbele ya umati.

Mkiafikiana, andikeni ukurasa mmoja kwa lugha wanayoielewa: kitakachooneshwa, dakika ngapi, malipo kiasi gani na yatatolewa lini, picha ziruhusiwe au la, rekodi itakaa kwa nani. Idhini ya kucheza si idhini ya kurekodiwa; zitenganishe, kila moja na sahihi yake. Ongeza mstari wa msiba. Katika jamii nyingi kifo kikitokea ngoma hunyamaza, na kundi linaweza kujitoa siku moja kabla. Hilo si uvunjaji wa mkataba, kwa hiyo ratiba iwe na nafasi inayoweza kuzibwa na masimulizi au maonesho ya ufundi.

Kuhusu tarehe: wengi huikimbilia 9 Agosti, Siku ya Kimataifa ya Watu wa Asili, inayokumbuka kikao cha kwanza cha kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu hao, Geneva, 1982. Tarehe nzuri, lakini makundi mazuri huwa yameshachukuliwa. Kusogeza wiki moja mbele hakumkosei mtu heshima.

Sasa uwanja. Ngoma nyingi huchezwa duarani, si kwenye mstari unaotazama upande mmoja, kwa hiyo duara la ardhini lenye kipenyo cha mita 12 hufaa kuliko jukwaa. Wanaocheza peku hawataki lami ya saa nane mchana. Pitia udongo kwa mikono kutafuta vioo na misumari, nyunyiza maji saa moja kabla ili vumbi litulie. Jukwaa la mbao lina tumbo tupu chini yake: kishindo cha miguu hupanda kwenye kinara cha maikrofoni na spika zikaanza kuunguruma. Ukilazimika kulitumia, ning'iniza maikrofoni kutoka juu.

Ngoma za ngozi hulegea kwa umande na unyevu. Wapigaji huzikaza kwa moto. Waandaaji husahau kabisa jambo hili, kisha mlinzi anakuja kuuzima moto huo dakika 10 kabla ya kundi kuingia. Omba kibali cha moto mapema, tenga sehemu mbali na mahema, weka ndoo za mchanga na mtu wa kusimamia.

Umeme piga hesabu kwa kalamu. Sauti kilowati 5, taa kilowati 2, friji kilowati 1, na birika nne za umeme za vibandani, kila moja kilowati 2: jumla kilowati 16. Jenereta ya kVA 20 (kipimo cha ukubwa kinachoandikwa kwenye jenereta) hutoa takriban kilowati 16, yaani haina pumzi iliyobaki. Birika ya tano ikiwashwa, mzee anakatikiwa sauti katikati ya dua. Chukua kVA 25, au bora zaidi, vibanda viwe na jenereta yao. Nyaya za kwenye gurudumu zikunjuliwe zote. Zikiachwa zimezungushwa hupata moto hadi plastiki ikayeyuka.

Hema la mita 3 kwa 3 linahitaji angalau kilo 20 kila mguu. Dumu la lita 20 lililojaa maji linatosha, lakini lifungwe kwa kamba kutoka pembe ya juu. Kuliegemeza tu mguuni hakusaidii upepo ukija. Kwa tukio lisilozidi saa 6, kipimo kinachotumiwa sana ni choo 1 kwa kila wanawake 100. Kimoja kiingilike kwa kiti cha magurudumu, na kisiwe mbali na kivuli cha wazee.

Vibanda vya ufundi wapewe wanaotengeneza wenyewe, bila kodi. Mchuuzi wa shanga za kiwandani atauza nusu ya bei na kumfunika fundi aliyekaa na ushanga wake miezi miwili. Mkatalie kwa maandishi tangu kwenye fomu, maana kumtoa uwanjani ni vurugu.

Mshereheshaji apewe majina ya makundi yalivyo vinywani mwa wenyewe, si yale waliyobandikwa na majirani (mengine ni matusi), na ayafanyie mazoezi nao siku moja kabla. Kati ya kundi na kundi acha dakika 15.

Malipo yatolewe siku hiyohiyo, kila mtu mkononi mwake, kabla basi halijawashwa.