Mimba ya Sikitu

Jana binti yangu alichomoa glavu ndefu mkobani mwangu, akaivaa mpaka begani. "Baba, hii ya kuoshea nini?" Nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimemkumbuka Sikitu, ng'ombe wa Bibi.

Machame, kwa Bibi, likizo ile niliyorudi na cheti kipya. Kwenye kalenda ya usharika Bibi alikuwa amezungushia tarehe: siku 63 tangu aje mhamilishaji, yule anayepandisha ng'ombe kwa mbegu za chupa, yaani mara tatu ishirini na moja, na joto (hamu ya kupandwa, inayorudi kila siku 21 hivi kama hakuna mimba) halijarudi. "Hesabu imetimia, mjukuu wangu. Wewe hakikisha tu." Kucha nilikuwa nimekata, maji na sabuni vipo, mafuta ya alizeti yapo. Binamu akashika mkia.

Niliingiza mkono wa kushoto, vidole nimevikusanya pamoja kama ncha ya mkuki. Nikatoa mavi kwanza. Utumbo ulipobana, niliutuliza mkono. Ukilazimisha unaweza kuutoboa. Ulipolegea, nikashusha kiganja kwenye sakafu ya nyonga, na hapo nikakutana nacho: kitu cha mviringo, kikubwa, kimejaa maji, kinanesa. "Ana mimba!" nikapaza sauti. Bibi akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia kwenye migomba.

Bwana mifugo, aliyekuja kuchanja mbwa, alikuwa ameketi juu ya ndoo. Hakusema neno. Aliinuka, akamsugua Sikitu chini ya uke kwa vidole viwili, taratibu. Sikitu akakunja mgongo, akakojoa. Akakojoa. Akazidi kukojoa. Mkono wangu ungali ndani, nikahisi mimba yangu ikinywea kiganjani.

"Sasa tafuta shingo," akasema.

Shingo ya kizazi, ngumu kama gunzi. Ndiyo niliyopaswa kuanza nayo, maana kibofu hakina gunzi wala pembe, yale matawi mawili ya kizazi. Nikaifuata kwenda mbele: pembe mbili nyembamba, sawa kwa sawa, zinajikaza zikiguswa. Kwa siku 63 moja ingekuwa imenenepa kama ndizi, ukuta wake umelainika, na ukiufinya kidogo tu (kidogo, kiumbe chenyewe kisiguswe) utando wa ndani unaponyoka vidoleni kabla ya ukuta wenyewe. Nilifinya huku na huku. Hakuna kilichoponyoka.

Joto lilikuwa limerudi, sijui mara ngapi. Nani angeliona? Sikitu yuko bandani peke yake, hana mwenzake wa kumpanda, na joto hukaa saa chache tu, mara nyingi usiku.

Siku hizi kibofu nakimaliza kwanza. Kutangaza mapema, sidhani kama nimeacha kabisa.

Bibi alisimama mlangoni, kanga imemtoka begani. "Na zile pumba nilizokuwa nampa za ng'ombe wawili?"

Nikamwambia bila shaka maziwa yaliongezeka.

"Hayakuongezeka."